Mtafsiri wa muvi, hapo nyamaza kidogo

Mtafsiri wa muvi, yaani yule anayeisimulia muvi ya kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti yake, si mkalimani, na ndiyo maana anapendwa. Lufufu Tanzania, DJ Afro kule Kenya: watu hufuata sauti kwanza, muvi baadaye. Steringi anabandikwa jina la mtaani, adui anatukanwa kabla hajafungua mdomo, na kibanda umiza kizima, banda la mtaani la kuonyeshea muvi, kinaridhika. Kwenye muvi za ngumi hiyo inatosha, maana steringi hauawi na kila mtu anajua. Vichekesho ndivyo vinavyowaumbua wengi.

Chukua Mr. Bean. Kuna kipindi cha mwaka 1990 ambamo anakwenda peke yake kula mgahawani siku yake ya kuzaliwa. Anaagiza steak tartare, na kinacholetwa ni nyama mbichi ya ng'ombe iliyosagwa. Hailiki, na kusema anaona aibu, basi anaanza kuificha: kwenye chombo cha maua, ndani ya mkate, kwenye bakuli la sukari, mpaka ndani ya mkoba wa mama wa meza ya jirani. Rowan Atkinson, anayemwigiza Bean, hapo hasemi karibu chochote. Kazi ya mtafsiri ni sentensi moja tu: "Jamaa kaagiza nyama mbichi bila kujua." Asipoisema, mtazamaji atadhani jamaa anadeka tu. Akishaisema, anyamaze. Ukitangaza "sasa anatia kwenye sukari, muoneni," umeshakiua kichekesho, kwa sababu jicho lilitakiwa lifike kwenye bakuli kabla ya sikio.

Kwenye vichekesho vyenye kicheko cha kurekodiwa, mzaha wako uishe kabla kicheko hakijaanza. Ukichelewa sekunde mbili, wa kwenye skrini wameshacheka na wa kwenye benchi wanaulizana kuna nini. Kiswahili mara nyingi kinahitaji silabi nyingi kuliko Kiingereza, hivyo anayefuata kila neno ataachwa nyuma tu. Dakika ya kumi bado anaeleza vitisho vya mtu ambaye ameshazikwa. Kata. Mzaha wa maneno usiotafsirika, weka wa kwako wenye urefu uleule.

Halafu kuna undugu, na hapa hata wakongwe huteleza. "Uncle" wa Kiingereza anaweza kuwa mjomba, baba mdogo au baba mkubwa. Tazama muvi yote mara moja kabla ya kurekodi, ujue ni ndugu wa baba au wa mama. Ukimwita mjomba dakika ya tano, halafu dakika ya sitini anagombea mali ya kaka yake, yaani baba wa steringi, watu watakuzomea. Za Kihindi zina mtego mbaya zaidi: kwa Kihindi "mama" ni kaka wa mama, yaani mjomba, na "chacha" ni baba mdogo. Kijana akimkumbatia mzee mwenye masharubu na kumwita "mama", lifafanue haraka, la sivyo kibanda kinapasuka kwa kicheko kwenye tukio la msiba.

Sauti sasa. Faili likiwa la sauti ya chaneli sita (5.1), maongezi kwa kawaida yamekaa chaneli ya katikati. Ishushe hiyo peke yake, muziki na milio ya risasi vibaki pembeni. Likiwa la stereo, yaani chaneli mbili tu, huna ujanja huo. Shusha sauti yote desibeli 12 hadi 15 unapoongea, na ukimaliza ipande taratibu, nusu sekunde hivi. Ikiruka ghafla, muvi inasikika kama inahema. Maiki iwe umbali wa shubiri moja, kwa pembeni kidogo ya mdomo, la sivyo kila "p" na "b" italipuka. Ondoa masafa ya chini ya hezi 80, maana spika za vibandani zinageuza besi ya koo kuwa ngurumo. Godoro ukutani nyuma yako linasaidia kuliko programu nyingi.

Feni izimwe, hata kama ni joto la Machi. Na jenereta la jirani likianza, simamisha kurekodi mpaka linyamaze. Ukilazimisha kuufuta mlio wake baadaye, utatoka na sauti ya mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa.