Usimwambie mtu "hujitumi", mwambie alichofanya

Jana nilikaa na kijana wetu wa stoo tuongelee kazi yake ya miezi sita, na kwenye fomu nilikuwa nishaandika "hajitumi", nikaifuta. Hajitumi ndo nini sasa? Mtu akisikia hivyo anajitetea tu au ananuna. Nikamwambia dogo, mwezi huu ripoti ya stoo imechelewa mara tatu na dukani wanakosa mzigo, shida iko wapi? Kumbe anasubiri risiti za madereva mpaka usiku! Zile fomu za OPRAS, za kupima utendaji wa watumishi serikalini Tanzania, zilikuwa na alama 1 mpaka 5, sawa, ila namba haimwambii mtu abadilishe nini. Na "lakini" baada ya sifa nimeiacha kabisa, inafuta kila kitu ulichosema kabla.