Pisini ya nyumba tupu

Mvua ya Novemba ikianza Lubumbashi, pisini (bwawa la kuogelea) iliyoachwa na wenyewe hugeuka kijani. Pampu imezimwa, klorini imeliwa na jua, na kwenye joto mbu hutoka yai hadi kuruka kwa siku 7 hadi 10.

Chota maji pembeni, penye majani, kwa kikombe cheupe. Viluwiluwi vikilala sambamba na uso wa maji, ni vya anofelesi, mbu wa malaria. Vikining'inia kichwa chini, ni vya kuleksi, aina nyingine ya mbu.

Usikimbilie kumwaga maji yote: wakati wa mvua maji ya ardhini hupanda, na pisini tupu huweza kuinuliwa ikapasuka. Opoa majani kwanza, ndimo viluwiluwi hujificha, kisha tia tilapia wadogo, mradi klorini haimo. Mafuta machafu ya gari? Hapana. Upepo huyasukuma upande mmoja, na udongo unaharibika bure.

Kufunika pisini kwa turubai lililolegea ni kubaya zaidi. Turubai linabonyea katikati, linashika mvua, na sasa mna mabwawa mawili. Papa sentineli, mlinzi wa nyumba, alivute na kulikaza kila wiki, ndoo na matairi ya uani ayapindue pia.