Duka la pipi la Dagmar

Jumamosi usiku, mtoto alipolala, niliitazama filamu ya Kidenmaki ambayo nimekuwa nikiikwepa kwa miezi kadhaa. Mwanangu ana wiki tisa. Mama yangu, aliyekuja kunilea katika uzazi na ambaye hata baada ya arobaini hajataka kuondoka, alikuwa ameketi pembeni yangu akikunja nepi, nami nilikuwa nikimsimulia kwa kifupi kila kilichotokea, maana maneno yaliyoandikwa chini ya picha yalikuwa ya Kiingereza na miwani yake ilikuwa chumbani. Filamu hiyo inaitwa "Pigen med nålen", yaani msichana mwenye sindano. Mwongozaji wake ni Magnus von Horn, Mswidi aliyesomea filamu mjini Łódź, Poland. Ilishindana kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 2024, kisha ikawa miongoni mwa filamu tano zilizowania tuzo ya Oscar ya filamu bora ya kimataifa. Niliikwepa kwa sababu nilijua inamhusu nani, na sikutaka kumwingiza mtu huyo katika nyumba yenye mtoto mchanga.

Dagmar Overbye aliishi Copenhagen. Kati ya 1913 na 1920 alipokea watoto wachanga, wengi wao wa wanawake wasioolewa, akalipwa ili awatafutie watu wa kuwalea, kisha akawaua. Machi 1921 mahakama ilimtia hatiani kwa vifo vya watoto 9, mmoja wao akiwa wa kumzaa mwenyewe, ingawa inadhaniwa kwamba waliokufa mikononi mwake huenda walifika 25. Alihukumiwa kifo, adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha, naye akafa mwaka 1929 akiwa bado mfungwa.

Nilikuwa nimejiandaa kumwona yeye tangu mwanzo. Badala yake filamu inaanza na nyuso zinazopandana gizani, uso juu ya uso, mdomo wa mmoja ukikaa penye jicho la mwingine, kisha inatupeleka kwa Karoline, mshonaji wa kiwandani asiyeweza kulipa kodi ya chumba. Mume wake alikwenda kupigana Vita ya Kwanza ya Dunia na hajulikani yuko hai au amekufa, na kwa kuwa hana karatasi ya kuthibitisha kifo, hana haki ya kupewa fedha za mjane. Mwenye nyumba anamleta mpangaji mpya, mwanamke mwenye binti mdogo, wakati Karoline bado yumo chumbani na vitu vyake. Karoline anajaribu kumtisha yule mtoto kwa habari za panya. Mtoto anaogopa na kukataa chumba, na mama yake anampiga kofi ili anyamaze, kwa sababu naye hana pengine pa kwenda. Tukio hilo ni fupi, lakini lilinieleza mji mzima: wanawake wawili wanagombania chumba kimoja kibovu, na kofi linamwangukia aliye mdogo kuliko wote.

Mwenye kiwanda anampenda Karoline kwa muda, anampa mimba, anaahidi ndoa, kisha mama yake, mwanamke wa ukoo wa kikabaila, anakataa katakata. Mume aliyedhaniwa amekufa anarudi akiwa ameharibika uso na kujifunika kinyago. Sehemu hii ya mume, hasa anapoonyeshwa kwenye sarakasi kama kiumbe cha kutisha, naiona imezidi kipimo, kana kwamba mwongozaji hakuamini kwamba njaa na mimba vinatosha kututisha.

Halafu linakuja bafu la umma. Karoline anaingia ndani ya maji akiwa na sindano ndefu ya kufumia, katikati ya mvuke na sauti za wanawake wanaooga, naye anajaribu kuitoa mimba peke yake. Mama aliacha kukunja nepi. Mpiga picha, Michał Dymek, amepiga filamu nzima kwa rangi nyeusi na nyeupe, na mahali hapo nilimshukuru, kwa sababu rangi halisi nisingeistahimili. Anayemwona Karoline na kumtoa majini ni mwanamke wa makamo aliyekuja kuoga na binti yake. Anamsaidia, anamwambia kwamba mtoto akizaliwa ampeleke kwake kwenye duka la pipi, naye atampatia familia njema. Huyo ndiye Dagmar, anayeigizwa na Trine Dyrholm.

Tangu Jumamosi nimekuwa nikilirudia jambo hili kichwani. Mpaka pale, katika filamu yote, hakuna aliyemgusa Karoline kwa huruma bila kutaka kitu kwake. Mwenye nyumba alitaka kodi, mwenye kiwanda alitaka mwili wake, mama wa mwenye kiwanda alitaka aondoke. Mtu wa kwanza kumshika mkono, kumwuliza ana nini na kumwambia kwamba halikuwa kosa lake, ni muuaji. Baadaye tunaona wanawake wengine wakija dukani na vifurushi vyao, nyuso zimevimba kwa kulia, na kila mmoja anaambiwa kwa upole kwamba amefanya jambo lililo sahihi. Wanaondoka wakiwa wepesi kidogo. Nadhani wengi wao hawakuwahi kusikia neno jema lingine katika miezi yote tisa.

Karoline anajifungua, anampeleka mtoto wake dukani, na kwa kuwa hana fedha za kutosha anabaki hapo kama mnyonyeshaji wa watoto wanaoletwa. Hata Erena, binti wa Dagmar mwenye umri wa miaka saba hivi, anapewa ziwa. Mtoto mmoja alipolia kwenye filamu, maziwa yalinitoka bila kutarajia, kanga ikalowa, na nikahisi aibu ambayo siwezi kuieleza vizuri, kwa sababu nilijua mtoto huyo anapelekwa wapi, lakini mwili wangu haukujua kwamba ni filamu. Wakati huohuo Mama aliuliza swali lake moja la usiku ule: "Na yule wake mwenyewe, yule wa kwanza, amekwenda kwa nani?" Sikumjibu. Karoline mwenyewe alikuwa bado hajajiuliza, na pale alipomfuata Dagmar barabarani na kuona anachokifanya kando ya mtaro wa maji machafu, Mama alikuwa ameshapata jibu na amesimama kwenda kumtazama mjukuu wake.

Kuna mahali sikubaliani na filamu. Mbele ya mahakama Dagmar anasema kwamba alifanya kilichohitajika, kile ambacho wengine waliogopa kukifanya, na muziki mzito wa Frederikke Hoffmeier, unaofanana na mashine inayosaga, unayapa maneno hayo ukubwa yasioustahili. Naelewa mwongozaji alitaka kuufikisha ujumbe kwa watu waliojaa ukumbini, kwamba mji uliowakataa watoto hawa hauwezi kumnyooshea kidole mtu mmoja na kurudi nyumbani ukiwa safi. Hilo nalikubali kwa moyo wote. Lakini Dagmar wa kweli alilipwa. Alipokea fedha za wanawake waliojinyima chakula ili mtoto apate wazazi, akawauzia uongo, na anayemdanganya mama mzazi kwa ajili ya fedha hatekelezi matakwa ya mji wala ya mtu mwingine yeyote.

Hata hivyo nadhani najua kwa nini mtu anatengeneza filamu hii leo, na kwa nini imetengenezwa kwa sehemu kubwa nchini Poland, ambako Oktoba 2020 mahakama ya katiba iliibana zaidi sheria ya utoaji mimba iliyokuwa tayari kali. Wanawake wa Denmark walikuwa na haki ya kupiga kura tangu 1915. Karoline angeweza kupiga kura, lakini asingeweza kuzaa bila mume na kubaki na kazi, chumba na heshima yake. Haki ya kutoa mimba kwa hiari Denmark iliipata mwaka 1973. Ninapoyaandika haya nakumbuka jinsi magazeti yetu yanavyoandika mtoto anapookotwa jalalani au chooni: "mama katili" huwa ni kichwa cha habari, na baba hatajwi hata kwa herufi moja.

Karoline wa filamu ametungwa. Jumapili asubuhi nilisoma habari za kesi yenyewe, nikakuta kwamba Dagmar hakukamatwa kwa ujanja wa polisi. Mwaka 1920 mama mmoja kijana alimkabidhi binti yake mchanga pamoja na fedha, akarudi nyumbani, na usiku ule moyo ukamkataa. Kesho yake alikwenda tena mpaka mlangoni, mtaa wa Vesterbro, akasema anamtaka mtoto wake. Dagmar alidai kwamba haikumbuki anuani ya watu aliowapa. Yule mama hakukubali, akaenda polisi, na polisi walipolifungua jiko la kupashia nyumba joto walikuta mifupa iliyoungua.

Nilimsimulia Mama jikoni wakati maji ya kumwogesha mtoto yanachemka. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza yule mama kijana alirudi baada ya siku ngapi.

"Moja tu, Mama. Kesho yake."

Mama alizima jiko, akatia kiwiko ndani ya maji, akasema bado ni ya moto mno, tusubiri kidogo.