Maprofesa Wawili wa Kozi Moja: Nilivyosoma Utangulizi wa Taaluma za Kilatino

Kozi ya utangulizi ya Taaluma za Kilatino, yaani masomo kuhusu watu wa Marekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, niliyoisoma katika chuo kikuu kimoja cha Marekani ilifundishwa na maprofesa wawili waliopokezana muhula: mwanahistoria aliyekulia Texas katika nusu ya kwanza, na mwanasosholojia mwenye asili ya Puerto Riko katika nusu ya pili. Wengi wetu tuliichukua kwa kuwa ilitimiza sharti la chuo la kusoma angalau kozi moja kuhusu jamii mbalimbali za nchi hiyo. Baada ya kuimaliza, nimebaki na msimamo ambao sijaubadilisha: profesa wa kozi hii apimwe kwanza kwa jinsi anavyowatendea wanafunzi ambao historia inayofundishwa ni ya familia zao.

Katika ukumbi mmoja huketi watu ambao hawajawahi kusikia habari za vita vya Marekani na Meksiko, pamoja na watu ambao mababu zao walikuwa wakiishi katika ardhi iliyogombewa. Mwalimu mvivu huona hiyo kuwa nafasi ya kupata mashahidi wa bure. Rafiki yangu mmoja, ambaye wazazi wake walitoka El Salvador, aliianza kozi hiyohiyo mwaka uliotangulia chini ya profesa mwingine, akaiacha katikati. Kila mara vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo, vya mwaka 1980 hadi 1992, vilipotajwa, profesa alimgeukia na kumwomba aeleze jinsi wazazi wake walivyoingia Marekani. Profesa huyo huenda aliona kwamba anampa heshima. Lakini kuna familia za Wasalvador ambazo zimeishi miaka mingi kwa hifadhi ya muda, yaani ruhusa ya kukaa Marekani kwa kipindi maalumu, ile iliyotolewa upya mwaka 2001 baada ya matetemeko ya ardhi, na ambayo huongezwa muda au kusitishwa kwa uamuzi wa serikali. Kumtaka kijana aeleze habari za namna hiyo mbele ya wanafunzi asiowajua ni kumtia hatarini, na mwalimu wa fani hii hana udhuru wa kutolijua hilo.

Mwanahistoria wetu alifuata njia nyingine kabisa. Katika kipindi chake cha pili aligawa nakala za Mkataba wa Guadalupe Hidalgo, uliomaliza vita vya Marekani na Meksiko na kutiwa saini tarehe 2 Februari 1848, ambao kwa huo Meksiko ilikabidhi takriban nusu ya ardhi yake na kulipwa dola milioni 15. Alitutaka tusome kwa sauti, mtu mmoja kifungu kimoja, kwa kufuata mistari ya viti, bila kujali nani ana jina la Kihispania. Kifungu cha nane kiliahidi kwamba mali za Wameksiko waliobaki upande wa Marekani zingeheshimiwa. Tulipofika cha kumi, mwanafunzi wa uhandisi aliyekuwa na zamu alikuta chini ya namba yake neno moja tu, kwamba kimefutwa. Kifungu hicho ndicho kilichotaja waziwazi hati za ardhi zilizotolewa na serikali ya Meksiko, na Seneti ya Marekani ilikiondoa kabla ya kuuidhinisha mkataba. Kijana yule akauliza, basi wenye ardhi walilindwa na nini? Profesa hakumjibu. Aligawa karatasi nyingine, sheria ya mwaka 1851 iliyowataka wamiliki wa ardhi wa California wathibitishe hati zao mbele ya tume, na akatuachia muda wa kuisoma kimyakimya. Tulijionea wenyewe jinsi ahadi ya kifungu cha nane ilivyogeuzwa kuwa mzigo wa kesi, huku gharama za mawakili zikiwafilisi hata baadhi ya wale walioshinda.

Saa ile ilinifundisha zaidi ya mihadhara mingi ya kozi nyingine. Mwanafunzi aliyelelewa na simulizi za ardhi iliyopotea na yule aliyekuwa akizisikia kwa mara ya kwanza walikuwa na karatasi ileile mkononi, na hakuna aliyehitaji kuweka familia yake mezani ili mjadala uendelee. Cha ajabu ni kwamba baada ya hapo watu walianza kusimulia kwa hiari yao. Tulipofikia kesi ya Mendez dhidi ya Westminster, ambamo familia tano za Orange County huko California zilizishtaki shule zilizowatenga watoto wa asili ya Meksiko, mwenzetu mmoja alinyoosha mkono na kutueleza kwamba bibi yake alisoma katika shule ya aina hiyo. Profesa alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, kisha akaturudisha kwenye hukumu ya mwaka 1946, iliyothibitishwa katika rufaa mwaka 1947, ili tuone jinsi shule zilivyodai kwamba zinawatenga watoto kwa sababu ya lugha. Simulizi ya bibi ilipata mahali pake bila kubebeshwa kazi ya kuthibitisha historia nzima.

Felícitas Mendez, mama katika familia iliyoipa kesi hiyo jina, alizaliwa Puerto Riko, na mwanasosholojia alianza nusu yake ya kozi kutoka hapo. Alikuwa mtu wa maneno mengi, mcheshi, na mwenye haraka ya kupita kiasi. Kuhusu kisiwa walikotoka wazazi wake alikuwa bora: alitueleza jinsi Marekani ilivyokitwaa mwaka 1898, jinsi wakazi wake walivyopewa uraia mwaka 1917, na jinsi hata leo raia hao wasivyoweza kumpigia kura rais wanapoishi kisiwani, ingawa wakihamia New York au Florida wanapata haki hiyo. Kuhusu wengine alipita mbio. Kuba, Jamhuri ya Dominika na Amerika ya Kati yote zilibanwa katika wiki mbili, na wakimbizi wapatao 125,000 waliotoka bandari ya Mariel huko Kuba mwaka 1980 walipata slaidi moja. Niliandika malalamiko hayo katika fomu ya tathmini, na ningeyaandika tena.

Hata hivyo, ni yeye aliyenipa kipindi kilichonigusa zaidi mimi kama Mwafrika. Alitugawia sote, msaidizi wake wa kufundisha akiwemo, maswali mawili yaliyotumika katika sensa ya mwaka 2020: la kwanza likiuliza kama mtu ana asili ya Kihispania au Kilatino, la pili likiuliza mbari yake. Tulijaza bila majina na majibu yakajumlishwa ubaoni. Baadhi ya waliojibu ndiyo katika swali la kwanza walichagua “mbari nyingine” katika la pili, wengine Weupe, na wachache Weusi. Mwanafunzi mmoja wa Kidominika, mweusi kama mimi, alikuwa ameketi karibu nami, na nilihofia kwamba sasa ukumbi mzima ungemgeukia. Profesa hakumtazama hata kidogo. Alitutolea habari za Arturo Schomburg, mtu mweusi aliyezaliwa Puerto Riko mwaka 1874, akahamia New York, na kukusanya maelfu ya vitabu na hati za historia ya watu weusi, mkusanyiko ambao maktaba ya umma ya jiji hilo iliupata mwaka 1926 na ambao leo ndio msingi wa kituo cha utafiti chenye jina lake huko Harlem. Mwezi Machi 2024 serikali iliamua kuyaunganisha maswali hayo mawili kuwa moja, na ningependa kujua jinsi zoezi hilo linavyoendeshwa darasani sasa.

Ninasisitiza habari za walimu kwa sababu fani hii ilidaiwa na wanafunzi wenyewe. Mwezi Machi 1968 maelfu ya wanafunzi wa sekondari wa mashariki ya Los Angeles walitoka madarasani wakidai, pamoja na mambo mengine, kufundishwa historia yao. Na mgomo ulioanza Novemba mwaka huohuo katika chuo cha San Francisco State ulizaa kitivo cha kwanza cha taaluma za aina hii nchini humo. Huko Arizona, sheria ya mwaka 2010 ilitumika kuifunga programu ya masomo ya Wamarekani wenye asili ya Meksiko katika shule za Tucson, hadi jaji wa shirikisho alipoamua mwaka 2017 kwamba hatua hiyo ilisukumwa na ubaguzi.

Kwa anayetaka kuichukua kozi hii, ninashauri aisome silabasi kabla ya kujiandikisha na kuangalia mambo mawili: kama kuna hati halisi za kusoma, si vitabu vya muhtasari pekee, na kama nchi za Amerika ya Kati zimetengewa muda wa kutosha. Kisha ahudhurie vipindi vya mwanzo wakati bado anaweza kujiondoa, na asikilize profesa anamwelekezea nani maswali yake.