Msimwite mtoto wa teja

Ndugu yangu alikuwa teja. Nalisema wazi kwa sababu mtaani kwetu Majengo hakuna asiyejua, na kwa sababu mwanawe, niliyemlea tangu anatambaa, sasa ana miaka 14 na watu wazima wanamwambia usoni kwamba damu ya babake itamvuta. "Mtoto wa nyoka ni nyoka," niliambiwa barazani, na aliyesema alidhani ananihurumia.

Damu ina nguvu, sikatai. Mwaka 2015 watafiti walikusanya pamoja tafiti za mapacha za miaka 50 hivi, wakilinganisha mapacha wa kufanana kabisa na wasiofanana. Kwa wastani wa yote yaliyopimwa, maumbile na tabia, karibu nusu ya tofauti baina ya watu ilitokana na jeni, yaani maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi. Uraibu wa pombe nao uko hapo hapo, karibu nusu. Lakini ni nusu ya tofauti baina ya watu wengi, si nusu ya mtu mmoja. Huwezi kumkata kijana wangu katikati ukasema upande huu ni wa babake. Na mazingira yakibadilika, hesabu nayo hubadilika. Kwenye nchi zenye chakula cha kutosha, jeni hubeba karibu asilimia 80 ya tofauti za kimo. Hata hivyo watu wa Korea Kaskazini ni wafupi kuliko wa Kusini, na asili yao ni moja.

Siko seli, ugonjwa wa damu tunaoujua sana hapa Pwani, unatokana na badiliko dogo kwenye jeni moja. Mtoto akilirithi kwa baba na kwa mama, ataugua. Tabia haiendi hivyo. Hata kimo tu, mwaka 2022 watafiti walipata zaidi ya tofauti 12,000 za kijeni zinazokichangia, kila moja kidogo kidogo. Hakuna jeni moja ya uteja, na jeni haziuzi unga vichochoroni. Ndugu yangu angekulia pahali ambapo unga haufiki, kwa damu ile ile, asingekuwa teja.

Mwanya na mwendo kijana kavitoa kwa babake, hilo halina ubishi. Kisha siku moja nikamkuta ukumbini anafungua feni: bisibisi kaibana kwa meno, kichwa kakilaza kushoto, anapuliza vumbi kwenye mota kabla hajagusa waya. Babake mtupu! Na babake alitoka nyumbani kabla mtoto hajasimama dede. Moyo ulinienda mbio. Jambo hilo lilinikaa kichwani mpaka nilipopita kwa fundi wa redio anakoshinda baada ya shule, nikamwona fundi naye kabana bisibisi kwa meno, anapuliza. Fundi huyo kazi alifunzwa na ndugu yangu.

Sijamficha kitu. Nimemwambia, jamaa zenye ugonjwa wa sukari hujichunga mapema. Babako alinaswa, na huenda mwili wako nao ukanasa upesi kuliko wa rafikiyo, kwa hiyo wewe usionje hata mara moja. Aliniuliza, "Shangazi, fundi anajua?" Nikamjibu anajua yote, na ndiye aliyeniomba nimpeleke kwake.

Majirani wanaomwogopea wampelekee pasi na feni zao mbovu pale kwa fundi. Akitengeneza, wamlipe.