Majina mawili, dawa moja

Mama, mgonjwa wa moyo, aliruhusiwa Alhamisi. Hospitali walimhudumia vizuri, sina ubaya nao, ila maelezo ya dawa tulipewa mlangoni, mimi nikiwaza boti ya Mokowe ya kuvuka hadi Lamu na vipi tutamshusha gatini bila kuteleza. "Hizi asubuhi, hizi jioni." Nikaitikia tu.

Siku ya tatu, alfajiri, akaanguka akienda kutia udhu. Jirani yetu, muuguzi mstaafu, akaja, akasema leteni dawa zote. Akazimwaga mkekani, hata zile za kopo la zamani. Akashika mbili: "Hii Lasix, hii furosemide. Ni kitu kimoja, dawa ya kutoa maji mwilini!" Kumbe Mama alikuwa akimeza dozi maradufu, maji yamemkauka mwilini, presha iko chini. Tukampigia daktari, za kopo zikasimamishwa.

Jirani akatuonya pia tumpime uzito kila asubuhi, akishatoka chooni, kabla ya chai. Kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku chache, ni maji yanajaa mwilini, moyo umelemewa, tusingoje tarehe ya kliniki. Hilo hatukuambiwa hospitali, au tuliambiwa na akili yangu ishapanda boti.

Mizani nimeazima duka moja Langoni. Mama hataki kuipanda mbele ya wakwe.