Kesi imerudishwa

Jamani, leo barua imefika. Jaji wa mahakama ya shirikisho ameirudisha kesi yangu ya mafao ya ulemavu ikasikilizwe upya. Sijalipwa hata senti, lakini nimekaa jikoni nikalia.

Mgongo uliniharibikia kazini ghalani, huku huku Marekani. Nikanyimwa mara ya kwanza, nikanyimwa tena, kisha jaji wa idara ya mafao akaandika kwamba naweza kukaa saa sita kati ya nane za kazi. Kwenye kikao chake mwenyewe niliinuka mara tatu, nimeshika ukingo wa meza! Baraza la rufaa la idara hiyo nalo likakataa kuipitia.

Ukifika hapo una siku 60 za kufungua kesi mahakamani. Ada ni dola 405. Niliomba msamaha wa ada hiyo, nikapewa. Nilidhani nitapanda kizimbani nieleze maumivu yangu. Wapi! Hakuna mashahidi, wanasoma faili lile lile tu. Kilichoniokoa ni karatasi mbili za daktari wangu ambazo uamuzi wa yule jaji wa mafao haukuzigusa kabisa, wala kusema kwa nini umezikataa.

Sasa nasubiri tarehe ya kikao kingine. Mto wangu wa kukalia naenda nao tena.